Nilimsasisha Jakony kwa Mkono Wangu

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nitakurudisha nyuma kidogo tu, maana leo sina subira.

Mimi ni Rispa, mjane wa Bonface. Nina saiba ya intaneti yenye mashine nane hapa Migori, nyuma ya soko. Nilisoma hadi darasa la saba, na kompyuta nilifundishwa na mume wangu, kitufe baada ya kitufe, mpaka vidole vikashika. Alipofariki, nduguze walikuja kugawana vitu vyake kama desturi yetu ilivyo. Baiskeli ikaenda kwa huyu, redio kwa yule, na laptopu yake ya kazi ikachukuliwa na Boaz, mdogo wake. Boaz alitaka na mimi niingie kwenye mgao. Nilimwambia nimeokoka na sirithiwi na mtu. Tangu siku hiyo hatuna heri.

Juma lililopita niliachia pale ambapo wanawake thelathini na mmoja wa kanisa letu walijaa mlangoni kwangu asubuhi, mvua ya kwanza ikiwa imekwisha kunyesha, wakisema mbolea yao ya ushirika imeibwa na mwizi ni mimi.

Aliyetangulia mbele alikuwa Rael. Rael huyu nimekaa naye benchi moja kanisani miaka kumi na tisa. Ndiye aliyenishika mkono pale kaburini nisianguke. Siku hiyo hakunipa hata salamu ya Bwana asifiwe.

"Nyar Mbita," akasema. Aliniita kwa kwetu nilikozaliwa, kama mtu anayetaka kukukumbusha kwamba hapa uliolewa tu. "Tumetoka stoo ya ushirika. Wanasema magunia yangu mawili nimeshachukua. Mimi. Na mgongo wangu haujabeba kitu."

Mama mmoja nyuma yake akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi sokoni, kwamba sasa ameelewa kwa nini nilipaka saiba rangi mpya.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikikasirika ninanyamaza, na macho yangu ndiyo yanaanza kazi. Niliwafungulia mlango wakaingia, waliokosa viti wakasimama, nikawauliza swali moja. Ni nani kati yao alipata ujumbe kwenye simu?

Hakuna aliyeinua mkono.

Nikueleze jinsi ushirika wetu unavyofanya. Kila msimu mwanachama anajiandikisha kwenye tovuti. Anaweka jina, namba ya kitambulisho, ukubwa wa shamba na namba ya simu. Kisha ujumbe unaingia kwenye simu yake ukiwa na namba za siri, na hizo ndizo anazoonyesha stoo. Huko stoo haulizwi kitambulisho wala sura. Aliye na namba ndiye mwenye mbolea.

Na wote hawa walijiandikishia kwangu, kwa sababu ya Jakony.

Jakony kwa Kijaluo ni msaidizi. Hilo ndilo jina ambalo marehemu alikipa kile alichokitengeneza kwa mikono yake, ekstensheni ya kubandika kwenye browza. Ukifungua ukurasa wa ushirika ambao umejaa Kiingereza cha wakili, Jakony anaweka maneno madogo chini ya kila kisanduku, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Hapa andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hapa weka ekari, usiweke futi. Wamama ambao hawajawahi kushika kompyuta walikuwa wanakaa pale wanajaza wenyewe, wanatoka wakicheka. Hakuna saiba nyingine Migori iliyokuwa naye.

Nilimwambia Rael akae mashine ya tatu. Nikafungua ukurasa wa kubadilisha namba ya simu, nikamwambia aandike yake mwenyewe, polepole, mimi nisiguse. Aliandika. Inaishia arobaini na saba. Niliiona, yeye aliiona, na wale wa nyuma yetu waliiona. Akabofya kutuma.

Ukurasa ukajibu kwamba ujumbe umetumwa kwa simu inayoishia tisini na nne.

"Hiyo si yangu," Rael akasema.

"Rudia."

Akarudia. Tisini na nne.

Nikainama, nikaingia kwenye ukurasa wa ekstensheni, nikamzima Jakony. Maneno madogo yote yakapotea. Nikamwambia Rael aandike mara ya tatu, nami nikamsomea visanduku. Akabofya. Safari hii ukurasa ukasema arobaini na saba, na simu yake ikalia ndani ya nguo aliyoifunga kiunoni.

Wanawake waliosimama wakasogea kuitazama.

Namba ile ya tisini na nne niliijua. Ilinipigia kila jioni kwa miezi minne baada ya mazishi, ikiniuliza kama nimeshaacha ukaidi. Ilikuwa ya Boaz.

Lakini ngoja niseme lile lililonichoma zaidi ya Boaz, maana nilipoanza kuandika hapa niliahidi kusema yote.

Jakony hajiongezi mwenyewe. Ekstensheni za watu wengine zinatoka kwenye duka la mtandaoni na zinajibadilisha zenyewe ukiwa umelala. Jakony hakupelekwa duka lolote. Kila ushirika ukigeuza ukurasa wao, marehemu alikuwa anamrekebisha kwenye laptopu, anampandisha namba ya toleo, anamleta kwa flashi, na sisi tunamsasisha kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, Jumatatu asubuhi kabla ya wateja. Unatoa folda ya zamani, unaweka mpya mahali pale pale, unafungua ukurasa wa ekstensheni, unabofya kimshale cha duara. Kisha unatazama namba. Ikiwa imepanda, umemaliza. Bonface alinifundisha hivyo: tazama namba. Hakunifundisha kutazama kitu kingine, kwa sababu wakati huo flashi ilitoka mfukoni mwake.

Baada ya kifo chake Jakony alibaki namba sita, miaka miwili. Alikuwa ameanza kupotea potea, visanduku vingine havina maneno. Niliomba Mungu anionyeshe njia.

Jumatatu moja, mwezi mmoja kabla ya siku hii ninayoisimulia, Boaz alikuja. Alivua kofia mlangoni. Hakutaja ndoa. Alisema alikuwa anapekua laptopu ya kaka yake akakuta kazi ya mwisho, Jakony namba saba, aliyekuwa amemaliza kabla ya kulazwa. Akaona haki iwe kwangu. Akaniwekea flashi mezani.

Wasomaji, nililia. Niliishika ile flashi kama mtu aliyeshikishwa barua kutoka kwa marehemu. Nilipiga magoti mbele ya mashine ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa sauti, Boaz akisema amina. Kisha nikaenda mashine kwa mashine. Folda, ukurasa, kimshale. Sita ikawa saba. Sita ikawa saba. Mara nane, kwa kidole hiki. Kwenye ile ya nane nilikuwa ninaimba.

Na Boaz alikaa kwenye benchi la wateja akinitazama mpaka nikamaliza.

Ndiyo maana nilipoiona tisini na nne, sikuwa na machozi. Aliniibia mikono. Alimchukua mume wangu kaburini akamtumia kama chambo, na mimi nikashukuru. Mungu anisamehe, nilitamani kumwona akipigwa.

Niliwaambia wanawake wanipe mpaka kesho saa nne. Rael akasimama akasema sawa, ila funguo za saiba atakaa nazo yeye, na popote niendapo tunakwenda wawili. Sikukataa. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka nilimpigia Makori, katibu wa ushirika, nikamweleza tulichokiona. Makori ni mtu wa maneno machache. Alisema anayo magunia ya akiba, yanatosha wote thelathini na mmoja. Lakini kama ni mashine iliyokosea, ni lazima wataalamu waje kuipima, na kufikia hapo mahindi ya watu wengine yatakuwa magotini. Kama ni mtu, yeye Makori apewe maelezo kamili, majina yote bila kuacha hata moja, na atafungua stoo siku hiyo hiyo.

"Majina yote, mama," akarudia. "Kamati ikikuta moja limefichwa, watafunga stoo na mimi nje."

Nilimjibu kwamba jina lenyewe ninalo, na ni moja tu.

Boaz ana duka la pembejeo huko Awendo, kwenye barabara ya malori ya miwa. Tulimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, anakula muwa, maganda yamezunguka miguu yake kama kuku wamenyonyolewa pale. Alinyanyuka akafuta mikono.

"Yuora," akaniita, shemeji. "Leo umenikumbuka. Na umekuja na mashahidi, ama ni wasimamizi wa harusi?"

Rael hakungoja. Alimpita, akapita kaunta, akaingia stoo ya nyuma. Tulisikia sauti yake kutoka huko ikisema kwamba yamepangwa hadi dari, yote yana alama ya ushirika.

"Nimenunua kwa wanachama," Boaz akasema bila kugeuka. "Kuna kosa gani mtu kuuza mbolea yake?"

Nilimwambia nimeona namba yake ndani ya Jakony. Nikamwambia nitakwenda polisi kutoka hapo hapo mlangoni kwake, na nitasema kwamba yeye ndiye aliyeharibu kazi ya kaka yake.

Alicheka kicheko kidogo. Kisha akasogea, akaegemea kaunta, akateremsha sauti ili isifike stoo.

"Mimi? Yuora, mimi kuandika jina langu tu nalowa jasho. Hiyo laptopu niliiwasha siku moja ikaniomba neno la siri nikaizima. Fikiria vizuri. Bonface alimfundisha nani kuandika mambo ya kompyuta? Alimfundisha Boaz?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Bonface alimfundisha mtu mmoja tu. Alimfundisha tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, wakikaa pamoja na chai ikipoa. Mtu huyo alikuwa mwaka wa pili chuoni Homa Bay, anasomea kompyuta. Anaitwa Metrine, na nilimzaa mimi.

"Kwa hivyo nenda polisi," Boaz akasema. "Ama usikie ushauri wa shemeji yako. Sema ilijiapdeti yenyewe. Nani atabisha? Kila mtu anajua hivi vitu vinajibadilisha. Mashine imekosea, hakuna mwizi, kila mtu anakwenda nyumbani."

Rael alitoka stoo akiwa amekunja ngumi. Aliniuliza mbona nimepauka hivyo. Nilimwambia ni jua.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili. Nauandika hapa uhesabiwe.

Nilimwambia Rael arudi Migori alinde saiba, nami nina mtu wa kumwona Homa Bay kabla ya jioni. Ahadi ilikuwa tuende wawili. Lakini miaka kumi na tisa ya benchi moja si kitu cha kutupa kwa siku moja, na aliniachia.

Metrine amepanga chumba karibu na chuo, mahali unapoona ziwa kama ukisimama kwenye ndoo. Alifungua mlango akanikumbatia, akaanza kuuliza kama nimekula. Mimi nilikuwa nimeshaona kitandani.

Laptopu ya Bonface. Ile ile, na kona yake iliyovunjika aliyoifunga kwa utepe mweusi.

"Nani alikupa hiyo?"

Alikaa chini. Hakujaribu kuzunguka, hilo nitamsifia. Alisema baba mdogo alikuja kabla ya mwezi wa pili kwisha akiwa na laptopu kwenye mfuko wa karatasi. Boaz aliahidi kumrudishia iwe yake kabisa, kama atamfanyia kazi ndogo. Ushirika una shida, alimwambia, simu za wamama hazina chaji, ujumbe unapotea, afadhali namba zote ziingie kwa simu moja kisha yeye awasomee. Metrine alijua neno la siri la baba yake. Alimfungua Jakony, akafanya kazi ya saa moja.

"Ulimpandisha namba na wewe?"

"Ndiyo. Nilijua utaangalia namba."

Lo. Mwanangu alijua mahali jicho langu linapotazama, na akapita hapo hapo.

"Metrine, nijibu kama unamjibu Mungu. Ulijua ile simu ni ya Boaz?"

"Nilijua."

"Uliamini hayo ya chaji?"

Alitazama laptopu. "Nilitaka kuamini, mama. Hapo ndani kuna sauti ya baba. Kuna barua zake, kuna masomo yote aliyonifundisha. Wale watu walibeba hivyo vitu kama sufuria, na wewe ulinyamaza. Ulikaa tu kwenye mkeka ukanyamaza."

Mkono wangu ulipanda. Sitaficha. Ulipanda ukafika usawa wa sikio lake, na yeye hakukwepa, alifumba macho tu akingoja. Nikaurudisha chini, nikaukalia.

Nilikuwa na hasira na Boaz. Nilikuwa na hasira na yeye. Lakini hasira kubwa zaidi ilikuwa ya ule mkeka, kwa maana alisema kweli. Nilinyamaza. Walipouliza kama kuna neno nilitikisa kichwa, nikijiambia kwamba mwanamke aliyeokoka hagombanii vyombo vya dunia. Nilifikiri ninampendeza Mungu. Kumbe nilikuwa ninaogopa wakwe.

Nilimwambia kesho asubuhi aje Migori na laptopu, aandae Jakony safi, nami nitamweka kwenye mashine zote Makori akishaziona.

"Utasema ni mimi?" akauliza.

Nilifungua kitambaa changu cha kichwa.

"Mama, watanifukuza chuo. Wanaweza kunifunga."

Nilifunga kitambaa changu cha kichwa upya, nikatoka.

Sijui nilirudije nyumbani. Usingizi nilipata, cha ajabu, kama gogo. Nilipoamka nilifungua Biblia nikaifunga, kwa sababu kila nilipotazama palikuwa panazungumza na mimi na sikutaka kuzungumziwa.

Metrine alifika mapema akapita mlango wa nyuma, ambao ufunguo wake haumo kwenye zile alizochukua Rael. Nyuma ya saiba nimekata chumba kidogo kwa pazia, ndipo palipo mashine ya laminesheni na jiko la chai. Nikamwambia akae humo, asitoke mpaka nimwite.

Saa nne kamili walikuwa wamejaa. Wanawake wote thelathini na mmoja, wengine na majembe, kwa maana walipanga kwenda shambani au kwa chifu, kutegemea nitakavyojibu. Rael akarudisha funguo, lakini mkononi mwa Makori. Makori alikuwa na daftari na kalamu mbili. Na Boaz alikuja kwa miguu yake mwenyewe, amepaka viatu rangi, akaketi benchi la wateja mahali pale pale alipokaa siku ile akinitazama.

Makori aliwasha mashine ya tatu, nikamrudisha Jakony, Rael akaandika namba yake, na Makori akaona kwa macho yake arobaini na saba ikigeuka tisini na nne. Kisha akawaambia watu waseme.

Boaz akawahi. Aliongea vizuri, Boaz anajua kuongea. Akasema namba ni yake, hakatai, marehemu kaka yake aliiweka humo zamani kwa kujaribu, na mashine ikajibadilisha ikaishika hiyo. Ujumbe ulipomwagika kwa simu yake alidhani ni wanachama wanaomuuzia. Ni bahati mbaya. Akainua simu yake juu.

"Ni nani hapa simu yake haijawahi kujiapdeti yenyewe? Unalala ina sura moja, unaamka ina sura ingine. Imeguswa na nani? Na hizo ni simu tu. Sasa kompyuta?"

Nikaona vichwa vikiitikia. Mama mmoja akasema kweli, yake juzi ilibadilisha hata rangi. Mwingine akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ilikuwa tamu, wasomaji, tamu kama maji. Ningekaa kimya tu. Sikuhitaji hata kudanganya. Ningekaa kimya kama nilivyokaa kwenye mkeka, na mwanangu angerudi Homa Bay na vitabu vyake.

Na mashamba ya hawa wanawake yangemea manjano.

Makori akanigeukia. "Mama, nauliza mara moja ili niandike. Hii kitu ilijibadilisha yenyewe, ama kuna mkono uliibadilisha?"

Nikasimama.

"Simu yako inajibadilisha yenyewe, Makori. Jakony hawezi. Hata atake, hawezi. Akae mwaka, akae miwili, atabaki vile vile mpaka mtu aje na folda abofye kimshale. Mimi ndiye nilibofya. Mashine hizi zote nane, Jumatatu moja asubuhi, kwa kidole hiki. Nilikuwa ninaimba."

Yule mama wa huruma akageuza uso.

"Ulijua kilichomo?" Makori akauliza.

"Sikujua. Nilitazama namba tu, nikashukuru Mungu. Kosa hilo ni langu na uliandike kwa jina langu."

Akaandika. "Nani alikuletea?"

"Huyo kwenye benchi. Alikaa hapo hapo akisema amina."

Kelele zikapanda. Rael aliinuka na nikafikiri jembe litaruka. Makori akagonga meza kwa kalamu mpaka wakatulia. Boaz hakuwa ametikisika. Alikuwa ananitazama mimi, na tabasamu lake lilikuwa lile la kwenye duka lake, lile la kando.

"Mimi nilibeba flashi," akasema. "Postamani hafungwi kwa barua. Katibu, muulize yuora wangu swali lililobaki. Muulize nani aliandika."

Makori akafungua ukurasa mpya.

Nilitazama wale wanawake. Sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Kwa muda wa pumzi moja niliwachukia wote, na magunia yao, na majembe yao, na mnong'ono wao wa rangi ya saiba. Nilimchukia Boaz kwa chuki ambayo nitaitubu nikiwa mzee, kwa sasa bado naihitaji. Kisha nikafungua kinywa.

"Andika Metrine," nikasema. "Metrine, binti Bonface. Alifundishwa na baba yake. Aliahidiwa laptopu ya baba yake, ile niliyowaachia wakaichukua. Alijua namba ni ya nani. Andika yote."

Rael akaweka mkono mdomoni. Hakuna jembe lililosogea. Tabasamu la Boaz likakaa usoni peke yake, kama kitu alichosahau kukitoa, kwa maana jina hilo ndilo lilikuwa kufuli lake, na sasa kufuli limefunguka na yeye ndiye aliye ndani.

Makori aliandika mpaka mwisho, akachana karatasi, akamkabidhi Rael pamoja na kibali cha kufungulia stoo ya akiba. Akasema walio na toroli watangulie. Hakuna aliyekwenda.

Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba aliwaita polisi tangu asubuhi kwa ajili ya Boaz, na wako njiani. Kwa maelezo haya itawabidi wamchukue na msichana.

"Yuko Homa Bay?" akauliza, kalamu juu ya karatasi. "Ama yuko wapi sasa hivi, mama?"

Nilikuwa nimejibu kila kitu nilichoulizwa siku hiyo. Hilo sikulijibu.

Nyuma ya pazia, kiti kikasogea.